Kachumbari ya Idi Isiyo na Moshi

Nakumbuka Idi moja, mwanangu, ambayo mchana kutwa hapakuwaka hata jiko moja, na mpaka leo sijala tena Idi tamu kama ile.

Wewe ndiye uliyenikumbusha. Juzi ulipokuja kuniambia kwamba mwaka huu wageni wa Idi watakula nyumbani kwako, mjini Palma, ulinisomea kwenye simu yako orodha ya mambo ya kufanya, kisha ukanisomea orodha ya pili, ya mambo yanayoweza kuharibika katika ile ya kwanza. Nilicheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilikuwa namcheka msichana mmoja wa miaka ya vita, ambaye naye alikuwa na orodha zake, na msichana huyo ni mimi.

Nilikuwa nimevuka mto Ruvuma kurudi nyumbani Msumbiji nikiwa na cheti cha darasa la nane kutoka Mtwara. Watu wetu walikuwa wamehama pwani kuwakimbia Wareno, wakajenga vibanda vya majani msituni, nyuma ya kijiji cha Olumbi. Mimi nikapewa kazi ya kufundisha watoto kusoma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kila mtu aliniita Mwalimu, hata wazee, jambo lililoninyima raha kabisa. Hata nikiulizwa saa, nilifikiri kwanza kama swali lina mtego.

Sheria kubwa ya pale msituni ilikuwa moja: mchana moshi ni marufuku. Ndege za Mreno zilikuwa zinapita, na moshi ndio uliokuwa unawaonyesha mahali tulipo. Tulipika kabla ya alfajiri, tukazima, tukafukia majivu. Kwa siku za kawaida ilitosha. Lakini mwezi wa Idi ulipoandama, tukapata habari kwamba jamaa zetu wa kambi ya jirani wangekuja kusali nasi na kula nasi. Watu zaidi ya mia, mchana, bila moto. Pilau utaipikaje?

Bibi yangu, Bibi Somoe, ndiye aliyeamua. "Tuna matango, tuna tungule, tuna vitunguu, tuna papai bichi, tuna ndimu. Tutakula kachumbari mpaka Mreno asikie wivu." Kulikuwa pia na pepeta, ule mchele mchanga uliokaangwa kidogo na kutwangwa, iliyoandaliwa siku za nyuma. Nazi hazikukosekana. Na samaki wakavu walikuwapo kidogo.

Kilichokuwa adimu ni chumvi. Vijana walikwenda kuichukua pwani kwa hatari, na safari hiyo walikuwa hawajarudi. Yote iliyobaki kambini ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, imewekwa kwa Mzee Awadhi, mkubwa wetu. Jioni ile akaniita mbele ya watu, akanikabidhi. "Mwalimu, wewe umesoma, unajua vipimo. Tia ya kutosha Idi. Inayobaki ndiyo yetu sote mpaka vijana warudi."

Mwanangu, angenipa bunduki ningelala vizuri zaidi.

Niliandika kwenye daftari nani atakaa wapi, mabeseni mangapi, ndimu ngapi kwa kila beseni. Nikaandika upya kwa sababu mistari haikunyooka. Bibi akanipitia akasema, "Kalale. Asubuhi tukitoka kusali, wanawake wote watakaa mkekani, kila mmoja na kisu chake, tutakata." Nikasema ndiyo, bibi. Moyoni nikasema hapana. Je, kama wageni wangewahi? Je, kama ndege ingepita tukakimbia, tukarudi tumechoka, hakuna kilichokatwa? Je, kama wangeniona mwalimu mzima sijajiandaa?

Kulipopambazuka nilikuwa nimekwisha kukata kila kitu, peke yangu. Vidole vinawasha kwa pilipili, macho yamevimba kwa vitunguu. Mabeseni manne yamejaa, mekundu kwa tungule na kijani kwa matango, mazuri kama khanga mpya. Ningeishia hapo ningesifiwa. Lakini niliyaangalia nikaona hayajakamilika, na kitu kisichokamilika kilikuwa kinanikuna. Nikakamua ndimu zote. Nikatia chumvi. Nikaonja, nikahisi haikukolea, nikaongeza. Nikafikiri beseni la mwisho litalalamika, nikalitilia nalo. Kitambaa kikabaki kitupu mkononi mwangu. Nikafunika kwa majani ya mgomba, nikaenda kuoga na kuvaa.

Swala ilikuwa tamu. Katikati ya hotuba tukasikia ndege kwa mbali, tukatulia chini ya miti, watoto wamezibwa midomo, mpaka ikaenda zake kusini. Hotuba ikaendelea. Kisha kukumbatiana, kuombana radhi, kulia kidogo kwa ajili ya wasiokuwapo, kucheka. Jua lilikuwa juu wakati tulipokwenda kwenye chakula.

Nikafunua jani la kwanza.

Unajua kinachotokea, mwanangu, tango likikaa na chumvi asubuhi nzima. Mboga zilikuwa zimenywea, zimelala chini kama nguo zilizolowekwa, na juu yake maji, maji, maji. Nikafunua la pili. Vilevile.

Binti Saidi, rika langu, ambaye Mungu alimpa sauti ya kumwita mtu aliyeko ng'ambo ya mto, akachungulia. "Jamani, njooni na ndoo! Mwalimu katuchimbia kisima!"

Wageni walicheka. Nikahisi masikio yanawaka. Nikashika beseni kwa mikono miwili, nikaliinamisha niyamwage yale maji upesi, mboga zibaki, aibu iondoke. Mkono mkavu ukanikamata kifundo cha mkono.

"Ebo! Unamwaga nini?" Alikuwa Bibi Somoe.

"Maji tu, bibi."

"Maji? Chumvi ya watu hiyo unaiita maji?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotaka kufanya. Chumvi yote ya kambi ilikuwa ndani ya yale maji. Nusura niimwage yote kwenye mchanga, kwa haya. Mzee Awadhi alikuwa amesogea. Akauliza polepole, "Imebaki kiasi gani, Mwalimu?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote ya uongo mdogo mdogo. Nikayaangalia yote, nikachoka. "Haikubaki, babu. Niliitia yote. Niliogopa."

Mzee akakitazama kile kitambaa kitupu, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. "Basi," akasema, "leo tunakula Idi na siku zinazofuata ndani yake. Nani ana njaa?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Bibi hakupoteza muda. Akaagiza mbuzi za kukunia, wanawake wakakaa, nazi zikakunwa, tui zito likakamuliwa. Akazikamua zile mboga kwa viganja, akaziweka kando. Yale maji, chumvi na ndimu na pilipili na utamu wa tungule, akayachanganya na tui, akamwagia pepeta. Pepeta kavu ile ikanywa, ikavimba, ikalainika, ukali wa chumvi ukatulia. Juu yake tukarudisha mboga, na samaki mkavu aliyechambuliwa, na nazi mbichi iliyokunwa. Tulikula kwa mikono juu ya majani ya mgomba. Halafu mgeni mmoja, mama mnene mwenye heshima zake, akauliza chakula hiki kinaitwaje. Binti Saidi akamjibu huku analamba jani, "Kisima cha Mwalimu. Niongezee, mama, nimekaa mbali."

Wakati wa kuosha mabeseni nilisubiri kugombezwa. Bibi alisugua weee, kisha akaniuliza, "Kwa nini uliamka peke yako?"

"Niliogopa tutachelewa."

"Tungechelewa sote. Sasa wewe umewahi peke yako." Akasuuza beseni. "Chumvi haina kosa, mjukuu wangu. Wewe ulitaka Idi iishe salama kabla haijaanza. Sisi tulitaka kukata vitunguu pamoja, tulie pamoja, tuongee. Ile kazi uliyotupunguzia ndiyo iliyokuwa sikukuu yenyewe."

Tulikula siku tatu bila chumvi mpaka vijana waliporudi. Hakuna aliyenilaumu, ila kila jioni Binti Saidi alinyoosha bakuli lake upande wangu na kusema, "Mwalimu, nichotee kisimani."

Sasa nisikilize. Kachumbari ya watu wengi ni jambo jepesi, na haitaki moto wala orodha mbili. Asubuhi osha mboga zako, zipange zikiwa nzima. Vitunguu peke yake unaweza kuvikata mapema, uvifikiche kwa chumvi kidogo na kuvisuuza, ukali utoke. Nyingine zote ziache. Wageni wakifika, watandikie mkeka, wape visu. Shangazi yako akate tango, anakata vibaya lakini ana hadithi nzuri. Tungule baada ya tango. Ndimu mkiwa mmekwisha kukaa, na chumvi mwisho kabisa, mkiwa mmekwisha kunawa mikono. Ikilowa maji hata hivyo, usimwage. Tafuta kitu kikavu kinachoyahitaji. Ukikosea, sema umekosea, mapema na kwa sauti, kabla hujainamisha beseni.

Na ule woga wako, mwanangu, sikuambii uuache. Mimi nina miaka hii yote na bado nahesabu vijiko mara mbili. Nakuambia tu usiukalie peke yako alfajiri. Waamshe wenzako.

Mungu akujalie nyumba isiyotosha wageni wake, na visu vichache kuliko mikono inayotaka kusaidia. Azidishe amani juu ya paa lako, uwashe moto mchana, moshi upande juu mpaka uchoke, na asiwepo wa kuuogopa. Amina. Mimi nitakuja mapema. Niwekee kisu.