Barabara Tuliyoifagia

Shemeji yangu ni fundi vioo, na mtaa mzima unamwita Polepole. Si kwamba ni mvivu. Ukibeba vioo vya madirisha kwenye pikapu, ukapita barabara yetu, na wewe utaendesha polepole. Vioo huvisimamisha kwenye fremu ya mbao, katikati ya kila viwili anachomeka kipande cha godoro, kisha anatambaa kwa gia ya kwanza huku kichwa amekitoa dirishani, akisikiliza. Anasema kioo hulia kabla ya kuvunjika. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko kando ya barabara hiyohiyo, na wateja wangu hawaishi kumtania: "Polepole, unasindikiza maiti?"

Lakini kodi ya gari hajawahi kuichelewesha hata siku moja. Analipa, anarudi, anaingia shimoni hatua chache kutoka nyumbani kwake. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Wenye kuidai kodi wanatujua kwa majina, ila barabara yenyewe wameisahau.

Mwaka jana alipata kazi ambayo fundi wa mtaani haipati mara mbili: madirisha yote ya shule mpya iliyo mwisho wa barabara yetu. Safari ya kwanza alifika na vioo vinne vimepasuka. Mwalimu mkuu akamwambia bila kumficha, "Fundi, ukichelewa tena kwa kuvunja, namtafuta mwingine. Mvua zikianza, watoto watanyeshewa."

Shemeji akapiga moyo konde, akaenda ofisi ya barabara, ambayo ndiyo hiyohiyo inayopokea kodi za magari. Wakampiga danadana wiki tatu: bosi yuko kwenye kikao, faili halionekani, njoo kesho. Mwishowe akaambiwa mhandisi atapita Alhamisi kukagua. Akiikuta barabara mbovu, itatengenezwa kabla ya mvua.

Alirudi akipiga mluzi. "Alhamisi mhandisi anakuja kuiangalia barabara yetu," alitutangazia pale kibandani. Alfajiri ya Alhamisi akaondoka kwenda kuagiza vioo mjini.

Hapo ndipo tulipojipalia makaa. Dada yangu, yaani mkewe, alisema ni aibu mgeni mkubwa kama yule apite kwenye uchafu. "Atatuonaje?" Jamani, nani angembishia? Sisi mgeni akitajwa tu, tunashika mifagio. Wanawake wakafagia pande zote mbili. Wanaume tukabeba kifusi cha ukuta ulioanguka, tukajaza shimo moja baada ya jingine, tukamwaga udongo juu na kushindilia. Mimi mwenyewe nilifunga kibanda nikasukuma toroli tangu asubuhi. Lile shimo la mbele ya duka la dawa nililijaza kwa mikono yangu hii, nikalipiga sepetu mpaka likalala sawa. Nilijiona mtu wa maana kweli.

Mhandisi alifika saa tano. Gari lake lilipita bila kuruka hata mara moja. Akashuka, akatembea kidogo, akapiga picha, akaandika, akatushukuru. "Hongereni. Barabara yenu nzuri sana." Nasi tukapiga makofi! Haki ya Mungu, tulipiga makofi.

Mchana shemeji aliporudi alisimamisha pikapu mwanzo wa mtaa, akashuka, akaukanyagakanyaga ule udongo mbichi. Nilimkimbilia nikitegemea shukrani.

"Nani kafanya hivi?"

"Sisi, shemeji. Mgeni wako kafurahi sana."

Aliketi kwenye ukingo wa mtaro, akashika kichwa.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu alikuja, akatuacha na ugonjwa wetu. Mvua ya kwanza tu, kifusi chote kikaenda mtaroni, na mashimo yakarudi mapana kuliko zamani. Shemeji alijaribu hivyohivyo kupeleka vioo vya shule. Nilimwona akipita, kichwa nje, gari karibu lisimame kabisa, kisha gurudumu la nyuma likazama mbele ya duka la dawa. Vioo tisa vilikwenda kwa mpigo. Nilivisikia nikiwa nimeshika wembe kwenye kidevu cha mteja. Kazi ya shule ikapewa fundi mwingine.

Tangu siku hiyo pikapu imesimama uani. Mwezi uliopita, kodi ilipofika tena, nilimsindikiza shemeji ofisini ili niwe shahidi wake.

"Gari yangu haitembei," alimwambia karani. "Barabara haipitiki. Sasa nalipa ya nini?"

Karani, mama mmoja mwenye miwani, hakuwa na ubaya wowote. Alifungua faili. "Mzee wangu, hapa imeandikwa hali ni nzuri. Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu."

"Ilijazwa udongo siku ileile! Shemeji, hebu mwambie."

Nikafungua mdomo. Kabla sijasema kitu, yule mama akaligeuza faili tuione picha ya ukaguzi. Barabara imenyooka, imefagiliwa, na katikati yake nimesimama mimi, sepetu begani, nacheka meno yote nje.

"Huyu si wewe, kaka?" aliniuliza.

Nikasema ni mimi. Shemeji aliitazama ile picha, akatoa pochi, akalipa.