Kaka Yangu na Miti Kumi na Tisa

Jamani, hii sijawahi kuisimulia popote. Hata mke wangu ameijua juzi tu. Nikichanganya maneno mnivumilie.

Miaka minne iliyopita, asubuhi moja, nilifika kwenye msitu ninaousimamia nikakuta miti kumi na tisa imelala chini.

Ni ile ile kumi na tisa niliyoandika kwa mkono wangu kwamba isiguswe.

Mingine yote, mamia kwa mamia, ambayo ndiyo ilitakiwa ikatwe, ilikuwa imesimama. Haina hata mkwaruzo.

Nilizunguka visiki kimoja kimoja nikivihesabu. Kumi na tisa. Nikahesabu tena. Kisha nikakaa chini nikalia, mtu mzima na buti zangu na kofia ya kazi.

Ngoja niwaeleze kwanza.

Mimi ni bwana misitu. Msitu wenyewe ni wa umma, si wa baba wa mtu. Sehemu moja ni miti ya mbao: tunapanda, tunapunguza, tunavuna, tunapanda tena. Sehemu nyingine ni msitu wa asili uliofyekwa ovyo zamani, na kazi yangu ni kuurudisha.

Kwenye miti ya mbao utaratibu ni mmoja tangu enzi na enzi. Mti wa kukatwa unapakwa duara jekundu. Wakata miti wakiona duara, wanaangusha. Hakuna cha kuuliza.

Kitalu cha saba kilikuwa kesi nyingine. Ni bonde lililozibwa na miti ya kigeni iliyojiotea, na katikati yake ilibaki miti kumi na tisa ya asili, mizee, mbao ngumu ajabu. Tuliiita miti mama, kwa sababu mbegu za kurudishia bonde zima zilitakiwa zitoke kwake. Msitu mzima hakukuwa na mingine.

Sasa fikiria. Ya kukata ni mamia, ya kubakiza ni kumi na tisa. Ungekuwa wewe ungepaka rangi miti ipi?

Nikapaka ya kubakiza. Rangi nyeupe ilikuwa imeisha stoo, nikatumia ile ile nyekundu. Nikajisemea si tatizo, nitaandika kwenye hati ya kazi. Nikaandika kwa herufi kubwa: MITI YENYE DUARA ISIKATWE.

Kiongozi wa wakata miti alikuwa kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja.

Huyu kaka ndiye aliyenilea. Alianza kushika chenso, ule msumeno wa injini, mimi bado nafuta kamasi kwa mkono wa shati. Chuo cha misitu nimesoma kwa mgongo wake. Nilipoletwa kituoni kuwa bosi wake, watu walidhani ataona vibaya. Wapi! Alisimama mbele ya wenzake wote, akapiga saluti ya uongo, akasema:

"Shikamoo, Profesa."

"Kaka, acha hizo bwana, watu wanaangalia."

"Waangalie. Bosi ni bosi, hata kama mimi ndiye nilikuwa namwogesha."

Wakacheka mpaka mwingine akaangusha chai. Tangu siku hiyo jina langu msituni likawa Profesa.

Mpango ulikuwa siku ya kukata niende mwenyewe bondeni nikawaonyeshe mti kwa mti. Lakini alfajiri ya siku hiyo mke wangu akashikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya tarehe.

Tulikuwa tumepoteza mimba mbili. Kwa hiyo tulikubaliana mimi na yeye: safari hii hatumwambii mtu chochote mpaka mtoto alie. Nikapitia getini, nikamwachia mlinzi ile hati, nikamwambia, "Wape wakata miti, mimi nina dharura." Dharura gani, sikusema.

Saa tisa alasiri nikapata binti. Mzima, anapiga kelele hatari. Nilichanganyikiwa kwa furaha.

Kesho yake asubuhi nikaenda msituni mbio, nataka kumpa kaka habari mimi mwenyewe. Ndipo nikakuta nilichowaambia.

Nikiwa bado nimekaa pale chini, nikamwona kaka anakuja. Anatabasamu. Mikono kaitanua kama mtu anayetaka kumkumbatia mwenzake.

Nikaruka juu nikamfokea kabla hajafungua mdomo.

"Umefanya nini? Hujui kusoma? Nimeandika ISIKATWE, herufi kubwa! Umeniua!"

Akasimama. Tabasamu likaondoka taratibu.

"Profesa, si jana..."

"Nyamaza! Mzembe mkubwa wewe!"

Nilimwita mzembe mbele ya vijana wake. Mtu aliyenilea. Akavua glavu zake, akazikunja, akazitia mfukoni.

Baada ya siku tatu tukaitwa ofisini kwa mkuu wa kituo. Chumba kidogo, meza ya chuma, feni haizunguki. Mkuu aliweka hati yangu mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Bwana misitu, mbali na hati hii, uliwapa maagizo mengine yoyote?"

"Hapana, Mkuu."

Kaka akageuka akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, mpaka Mkuu akakohoa.

Mimi nikajua ni aibu. Nikamkazia macho.

"Na wewe, kiongozi wa kikosi, una la kusema?"

"Sina, Mkuu. Misumeno ilikuwa mikononi mwetu. Na kikosi kilinifuata mimi, wengine wasiguswe."

Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Miaka kumi na saba ya kazi, akatoka na begi la nguo na kofia yake. Na jina likaharibika kabisa: kila kambi ya mbao aliyoomba kazi, wanamjua kama yule aliyekata miti mama. Akaishia nyumbani kwake, chini ya kibanda cha mabati, ananolea watu minyororo ya misumeno.

Nikamnunia. Si kununa kwa wiki mbili, jamani. Miaka minne.

Binti yangu alipofikisha mwaka, kaka alituma kitanda cha mtoto alichokichonga mwenyewe. Kizuri, pembe zote zimelainishwa asije akaumia. Nikakiacha barazani kikala mvua mpaka mchwa wakakimaliza. Mke wangu alinisema, nikamwambia hayamhusu.

Mama naye alikuwa akinipigia simu. "Mwanangu, msamehe mwenzio." Mimi najibu, "Mama, yule kaniharibia kazi ya maisha yangu." Na kweli niliamini hivyo. Kila nikipita kitalu cha saba moyo ulikuwa unaniuma, na maumivu yote nikamtwisha yeye.

Mwaka huu, mwanzo wa mvua, shemeji yangu, mke wa kaka, akanipigia.

"Shemeji, kaka yako ana hali mbaya. Kifua. Anakuulizia wewe."

"Pole, shemeji. Nipo kwenye upandaji, miche elfu kadhaa ipo nje, ikikosa mvua hii inakufa. Nikimaliza wiki ijayo nakuja."

"Haya," akasema.

Kaka alifariki Alhamisi. Mimi nilikuwa shambani, napima nafasi kati ya shimo na shimo.

Nilienda kuzika. Nikasimama nyuma nyuma huko. Na niwaambie ukweli, hata pale kaburini sehemu ya moyo wangu ilikuwa bado inasema: lakini alinikosea.

Wiki moja baadaye nipo ofisini, akaingia mtu tunayemwita Kamba. Huyu ndiye aliyekuwa akivuta kamba ya kuelekeza mti uangukie wapi, mkono wa kulia wa kaka kwa miaka yote. Mtu wa makamo, mpole, hajawahi kunijibu vibaya. Siku hiyo hakunisalimia wala hakukaa.

"Alituapisha tusiseme akiwa hai," akasema. "Sasa hayupo."

"Tusiseme nini?"

"Usinifanye mtoto, Profesa. Ile simu."

"Simu gani?"

Akanitazama kama anayetaka kunitemea mate.

"Siku ile hati ilipofika, kaka yako alisoma mara mbili. Akasema, hapa pana utata, duara siku zote ni kukata, leo anaandika isikatwe, na hii miti ni mizee, huenda kateleza kalamu. Akasema hakuna kukata mpaka akuulize mwenyewe. Tukapanda mlimani kutafuta mtandao, dakika arobaini kwa miguu. Akakupigia. Simu ilikuwa kwenye spika, mimi nipo pembeni."

Nikataka kucheka. "Kamba, mimi sikupigiwa simu yoyote."

"Alikuuliza: yenye duara inashuka au inabaki? Ukasema, 'Fanyeni kama siku zote.' Akakuuliza tena: yaani yenye duara ndiyo inashuka? Ukasema, 'Ndiyo kaka, ndiyo, niache, nipo wodini, mke wangu anajifungua!' Ukakata."

Nilihisi kiti kinazama.

Kwa sababu habari ya mke wangu kujifungua hakuna aliyekuwa nayo siku ile. Hakuna. Si Mama, si mlinzi wa geti. Isingewezekana Kamba aijue, kama si kuisikia kwa mdomo wangu.

Na hapo hapo ikanirudia. Korido ya hospitali, sakafu imemwagwa dawa. Nesi ananiita kwa jina la mke wangu. Simu inaita, naipokea bila kuangalia, sauti ya kaka inakatika katika kwa upepo. Najibu ilimradi aniache. Naizima, nakimbia. Mlango unafunguliwa, nesi anasema mapigo ya mtoto yanashuka.

Yote yaliyotangulia dakika ile yalifutika kichwani mwangu. Nawaapia, sikudanganya pale ofisini. Nilisahau.

"Unajua alivyofurahi?" Kamba akaendelea, sasa machozi yanamtoka. "Alishuka ule mlima anaimba. Tunapata mtoto, tunapata mtoto! Alikata miti ile siku nzima anacheka peke yake. Kesho yake alikuja akupe hongera, ukamtukana."

Ile mikono iliyotanuliwa. Mungu wangu.

"Kwa nini hakusema mbele ya Mkuu?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Ameona bora aniuze mimi. Ana mtoto mchanga, akifukuzwa wataishi vipi? Mwache tu. Siku moja roho itamsuta, atakuja.'"

Jamani, mmeelewa hapo?

Kaka hakuwa akinilinda nisijue kosa langu. Yeye alidhani kwamba ninajua. Miaka yote minne aliamini nilimtazama machoni, nikakumbuka ile simu vizuri kabisa, nikasema "Hapana, Mkuu."

Na bado akachonga kitanda. Na bado akaniulizia kitandani anakufa.

Kamba alipoondoka nilifunga mlango nikagaragara sakafuni. Karani alikuja kugonga, nikamwambia naumwa.

Kesho yake nikaenda kwa shemeji. Alikuwa kibandani anapanga zile tupa za kunolea kwenye boksi. Nikapiga magoti kwenye vumbi la chuma, nikamweleza yote, tangu korido mpaka Kamba.

Hakushtuka.

"Tulijua siku zote," akasema. "Kila gari likisimama nje alikuwa anasema, huenda ni Profesa."

"Shemeji, nilisahau. Sikumdanganya. Nilisahau kweli."

"Miaka minne?"

"Haki ya Mungu, nilisahau."

Akaweka tupa chini. Akanifuta vumbi begani, kwa upole kabisa, upole ulionimaliza kuliko kama angenipiga.

"Mimi nakuamini, shemeji," akasema. "Lakini hayo ungemwambia yeye."

Nimeandika barua kwa Mkuu, nimeeleza kila kitu na kusaini. Nimeomba jina la kaka lisafishwe. Watakachonifanya wanifanye, sitajitetea. Mama nimemwambia. Hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Ninachowaomba nyinyi mnaosoma ni kitu kidogo tu. Kama kuna ndugu yako umemnunia, hata kama una ushahidi, hata kama una karatasi yenye saini, nenda ukae naye umuulize: ilikuwaje? Halafu unyamaze umsikilize mpaka amalize. Mimi kwa miaka minne nilimhukumu kaka yangu kila siku, na swali hilo sikumuuliza hata mara moja. Angenijibu kwa sentensi moja, na mimi ningemwambia nilisahau, na angeniamini.

Angecheka hata. Namjua.