Sauti ya Wafula Ziwani

Sitakulazimisha uamini. Lakini aliyepotea ni dada yangu wa tumbo moja, na mtu hamtungii dada yake uongo wa namna hii.

Ilikuwa Naivasha, miaka michache baada ya uhuru. Mimi na shemeji yangu Wafula, mume wa dada yangu Naliaka, tulikuwa tukitunza mashua za matanga za Wazungu waliokuja kustarehe ziwani. Msimu ulikuwa unakwisha, wenyewe wamesharudi Nairobi, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Mashua moja ilikuwa bado imefungwa kwenye boya, mbali kidogo na ukingo. Mwenyewe alitaka ikae hapo hapo, basi ikabidi tukaikaze.

Tulienda mchana, jua likiwaka. Nasema mchana kwa sababu watu hudhani mambo haya hungoja giza. Tukavua tanga, tukaongeza kamba ya pili, na pale kamba inaposuguana na mbao tukaviringisha tyubu kuukuu ya baiskeli, isije ikakatika. Ghafla upepo ukageuka, mawingu yakashuka kutoka Longonot, mvua ikatupiga.

Ndipo tulipomwona. Mzee mwenye koti refu, amesimama juu ya mafunjo yanayoelea, mahali ambapo hata ndege mzito huzama. Mvua inamwagika, koti lake kavu. Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Mimi niliinamia kamba yangu. Wafula alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

"Mzee, utazama hapo!" akapaza sauti.

Yule mzee akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akaweka mkono sikioni, kama kiziwi.

"Shemeji, twende zetu," nikasema.

"Tumwache mtu afe?" Wafula akasimama, akarusha kamba. "Mimi ni Wafula! Shika kamba, mzee, nikuvute!"

Hakuishika. Alitabasamu, akasema, "Mimi ni Wafula. Shika kamba, mzee, nikuvute."

Wallahi, ilikuwa sauti ya shemeji yangu, hata na ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo wiki hiyo. Nikageuka. Wafula alikuwa anapanua mdomo kama samaki aliyetupwa nchi kavu, hatoi hata mlio. Nilipotazama tena, juu ya mafunjo hapakuwa na mtu.

Hakusema tena. Hospitalini Nakuru walimulika koo, wakasema halina kasoro.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Kila dhoruba ilipopiga, sauti ya Wafula ilikuja mlangoni kwao. "Mama Nekesa, nifungulie. Baridi inaniua." Na Wafula mwenyewe yuko ndani, ameketi kitandani, amemshika mkewe mkono, anatikisa kichwa na kulia kimya kimya. Kuna ukatili gani kuzidi huo? Ile sauti ilimkumbusha dada yangu maneno waliyoambiana wakati wa uchumba. Ilijua jina la utani alilopewa na marehemu mama yetu. Naliaka alijiziba masikio kwa pamba, akavumilia msimu baada ya msimu. Mwishowe akaanza kumtazama mumewe kama mgeni.

"Ndugu yangu," aliniuliza siku moja, "huyu wa ndani ni nani?"

Jioni moja ya mvua, Wafula alipoinama kupuliza makaa, Naliaka akafungua mlango, akatoka mbio. Wafula alimkimbilia mpaka ukingoni, akipanua mdomo, hawezi hata kumwita asimame. Asubuhi tulipata leso yake tu.

Baada ya hapo nilihamia Subukia, nikawachukua Wafula na binti yao, Nekesa. Msichana sasa ni mkubwa, na mpaka leo sijamruhusu kukanyaga Naivasha. Wavuvi wanasema dhoruba ikija, kwenye mafunjo zinaita sauti mbili, na ile ya mwanamke inamtaka Nekesa.

Kwa hiyo wewe, ukiwa ziwani upepo ukageuka, na ukamwona mtu kwenye mafunjo ameweka mkono sikioni, usimpe jina, usimpe hata salamu. Mwache alipo. Heri uitwe katili.