Jaji Aliyesahau Kusimama

Nilikuwa jaji wa kesi za jinai kule Bukavu, miaka mingi tu, kabla vitisho havijanitoa nyumbani. Mwaka 2017 nilikuwa mlinzi wa duka kubwa huku ugenini, Turffontein, kazi yangu kupekua mikoba ya wanawake mlangoni. Wenzangu waliniita Mama Jaji. Walikuwa wananitania, lakini kwa kiburi changu nilikuwa naitika.

Siku moja dada mmoja msusi, Mkongo mwenzangu, alikaribia mlango wa kutokea, akaniona, akageuka ghafla. Tulipomfuata tulikuta kopo la maziwa ya mtoto limefichwa nyuma ya viazi, karibu na aliposimama. Alikuwa anatetemeka. Basi, kwangu mimi hiyo ilitosha. Polisi walipofika niliwaambia bila kigugumizi kwamba huyu ni mwizi, wakaondoka naye. Hakuwa na wa kumdhamini, kwa hiyo alisubiri kesi rumande, na mtoto wake wa kunyonya akabaki kwa jirani.

Nikaitwa kutoa ushahidi, shahidi peke yangu. Nilivaa gauni langu la Jumapili na, haki ya Mungu, nilifurahi kurudi mahakamani. Hakimu alipoingia watu wote walisimama. Mimi nikabaki nimekaa, nawangoja wao wakae. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikiingia watu wakisimama, na miguu haikujua mazoea mengine. Askari akaninong'oneza, "Eish, Mama, simama." Watu wakageuka kunitazama, uso sikujua niuweke wapi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Kupitia kwa mkalimani aliniuliza nilichokiona siku ile. Mimi huyo, badala ya ushahidi nikaanza kutoa hukumu: namna mwizi anavyojulikana kwa macho, namna asiye na hatia asivyotetemeka. Nilikuwa nimenogewa kabisa. Akanikatiza kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

"Mama, kuhukumu niachie mimi. Ulimwona akishika hilo kopo?"

Nilimtazama mshtakiwa. Alikuwa amekonda, ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Hapana."

"Ulimwona akilificha?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Jamani, niliona aibu mpaka jasho likanitoka. Nani kati yetu wageni hatetemeki mbele ya sare? Mimi mwenyewe nikiona gari la polisi Jules Street huvuka barabara. Halafu nikawakumbuka walinzi na majirani waliosimama mbele yangu Bukavu, wakisema kwa uhakika kama nilivyosema mimi, nami nikiitikia kwa kichwa na kuandika. Kuna watu niliwafunga kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Dada yule aliachiwa siku ile ile. Alinikuta kwenye korido, natafuta mlango wa kutokea nisikutane naye. Nilitegemea matusi. Hakutukana.

"Wanasema mtoto ameshaacha titi," alisema. "Mama, mbona siku ya kwanza hukusema kwamba hukuniona?"

Nilitaka kumwambia kwamba siku ile hakuna aliyeniuliza. Lakini kule nyumbani mwenye kazi ya kuuliza nilikuwa mimi, na sikuuliza.