Gauni la Majaribio la Bi Kasoro

Fundi alishona magauni miaka thelathini na mmoja katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, na wateja walizipanda zile ngazi kwa ajili yake, huku wakihema na kulalamika. Sasa jengo lilikuwa linavunjwa. Cherehani ilihamia chumba cha nyuma nyumbani kwake, mahali ambapo wateja wengi wasingefika, na mlango pekee uliobaki ulikuwa tovuti aliyokuwa akitengenezewa na mke wa mwanawe. Ilikuwa ifunguliwe Jumamosi, na wateja wote wa zamani walikwisha kuambiwa. Kama ingewaangusha siku hiyo wangetafuta fundi mwingine, naye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

"Mama, nataka watu waijaribu kabla hatujafungua," mkwe alisema. "Waibonyeze mpaka ilie."

Majirani wakabonyeza, binamu wakabonyeza, hata padri akabonyeza. Wote walirudi na jibu moja: imependeza.

"Wanakusifu tu," mkwe akalalamika. "Hivi ukoo huu hauna mtu anayependa kutafuta makosa?"

Fundi alijua jibu. Mtu huyo alikuwepo, tena bingwa. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Bi Kasoro asipokuwepo. Siku ya harusi ya fundi, wifi huyu aliinua pindo la shela mbele ya wageni akaonyesha uzi uliotokeza. Fundi alikuwa ameishona shela ile kwa mikono yake, na kinyongo chake hakijapoa mpaka leo. Lakini shida haina adabu, akampigia simu.

Bi Kasoro alifika Jumatano na miwani miwili. Kabla chai haijapoa alikwisha kuona kwamba picha moja imepinduka, kwamba kwenye simu ndogo kama yake kitufe cha kuagiza hakionekani, na kwamba namba ya simu ya fundi imepungukiwa na tarakimu moja. Mkwe aliandika yote kwa furaha. Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kawaida.

"Sasa nishonee," Bi Kasoro akasema.

"Nikushonee nini, wifi?"

"Gauni. Nimejipima, nimechagua saizi kwenye hilo jedwali lenu, nimeagiza. Mtajuaje duka linauza kama hakuna aliyenunua?"

Fundi akalikata kwa karatasi ya saizi hiyo, akashona kwa shingo upande. Ijumaa asubuhi Bi Kasoro akalivaa, na gauni likamkwama mabegani, mkono mmoja juu, kichwa ndani.

"Umejipima vibaya, wifi."

"Nimejipima mara tatu!"

"Basi umenenepa njiani."

Mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Chekeni tu," ikasema sauti ndani ya gauni. "Nitoeni humu, halafu wifi, nipe hiyo tepu yako."

Alipotolewa, aliichukua tepu ya kupimia shingoni kwa fundi, akailaza mezani kando ya tepu yake mwenyewe. Ile ya fundi ilianzia kumi.

Mwaka fundi alipojifungua mwanawe, pasi iliunguza ncha ya tepu ile. Fundi akakata palipoungua, akajiambia mwezi ujao atanunua nyingine. Tangu siku hiyo anapima, anatoa kumi, anakata, wala hajijui kama anatoa. Lakini alipomsomea mkwe vipimo vya karatasi zake za kukatia, alisoma tepu kama ilivyo, kwa sababu kutoa kumi ilikuwa kazi ya mkono ulioshika chaki. Mdomo haukuwahi kufundishwa. Kila saizi kwenye tovuti ilidanganya kwa sentimita kumi, ikajidai kubwa kuliko gauni lenyewe.

Fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani. Aliwaona wateja wake wote, mmoja mmoja, wamekwama mikono juu vyumbani kwao.

"Wifi," akasema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa, "umeniokoa. Mungu akubariki. Nilikuwa sitaki hata uje."

"Najua," Bi Kasoro akajibu, akizungusha tepu kidoleni. "Na hii kola imekaa upande."

Walirekebisha jedwali lote siku hiyo, Bi Kasoro akipima, mkwe akiandika. Fundi alifumua kola ile akaishona upya, na kweli ilikuwa imekaa upande.

Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Mkwe alimwita fundi aje abonyeze kitufe cha kufungua.

"Abonyeze wifi," fundi akasema.

Bi Kasoro akavaa miwani ya kwanza, akaivua, akavaa ya pili. Kidole kikasimama hewani.

"Ngojeni," akasema. "Nisome tena toka juu."

Mkwe akaguna. Fundi, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimharakisha mwanamke huyu atoke dukani kwake, akamvutia kiti.