Nyongeza ya Denmark

Watu ya Koboko, leo nimeshinda Wazungu kwao!

Binti yangu Zaitun, anayeishi hapa Denmark, alinipeleka duka la shamba. Shamba lenyewe ni la jumba ya zamani, ya matajiri wa kale. Eti wanalima bila dawa.

Bila dawa! Sisi huko nyumbani Lobule tunalima vile tangu babu.

Mlangoni Zaitun akasema, "Baba, tafadhali, usiombe kitu."

Nikakubali. Kidogo.

Mama muuzaji alipomaliza kupima viazi, nikanyoosha mkono. "Nyongeza iko wapi?"

Zaitun akafunika uso. "Baba! Hapa hawana hiyo kitu. Twende."

"Siendi. Mutu akinunua, anaongezwa. Mwambie!"

Akamwambia, sauti ndogo, macho chini. Yule mama akanikazia macho. Mimi mtoto wa askari, sikupepesa.

Akacheka. Akachagua kitunguu moja kubwa, akaweka. Si kwa mkono yangu. Kwa mkono ya Zaitun.

Miaka tisa binti yangu ananunua huku, hajaongezwa hata siku moja. Ameshika hiyo kitunguu mpaka nyumbani.

Sasa iko dirishani, amekataa nisiikate. Semeni ninyi: nirudi kesho niombe ingine ya mchuzi?