Firigisi ya Shilingi Hamsini

Miaka mitatu ya ndoa yangu, baba mkwe hakuwa amekula kwangu hata siku moja. Akija Kitale ananisalimia kwa adabu, anakunywa chai, anaondoka. Huko kwao Sirisia alishasema wazi kwamba msichana wa mlimani kama mimi hajui kuku, na asiyejua kuku hajui mgeni. Maneno hayo yalinifikia, si unajua watu hawakai na neno tumboni. Yaliniuma sana.

Sasa siku hiyo alikuwa amekuja kupimwa macho, na saa tano asubuhi mume wangu akanipigia kutoka kazini Bungoma. "Baba amekubali kula. Anakuja huko nyumbani saa hii. Mpe kuku."

Kuku! Gesi ilikuwa imeisha jana yake, makaa sina, na mvua ilikuwa inaupiga mtaa wetu wa Tuwan mzima. Nikashika simu, nikafungua ile app ya chakula.

Kuku wa kienyeji na ugali, bei nzuri tu. Nikabonyeza. Bei ikapanda: usafiri. Nikabonyeza tena: huduma. Tena: mkebe wa kubebea. Hata mvua walikuwa wameiwekea bei, jamani, kana kwamba wao ndio walioinyesha! Nikapandwa na hasira. Pale chini kulikuwa na visanduku viwili vilivyotiwa tiki bila kuniuliza: bakshishi ya mwenye pikipiki, na firigisi, shilingi hamsini. Nikaziondoa tiki zote mbili. "Hamnipati!" nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Nakiri, neno firigisi nililisoma. Lakini akili yangu ilikuwa kwa wezi hao, haikuwa kwa mzee.

Mzee alifika, akaketi, nikamnawisha mikono. Chakula kikaja. Aliyekileta alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, amelowa chapachapa. Akaomba kusimama barazani mpaka mvua ipungue, nikamwambia sawa.

Baba mkwe akafunua mkebe, akaanza kugeuza vipande kwa kidole. Paja. Kidari. Shingo. Akarudi mwanzo, akageuza tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Wabukusu, watu wa mume wangu, firigisi ni ya mzee. Isipoonekana, ama mpishi ameila, ama mgeni anaambiwa kwamba yeye si mtu.

"Mama, huyu kuku alikuwa anaishi bila firigisi?"

"Ametoka hotelini, Baba."

Akatazama barazani. "Basi huyu wa pikipiki ameila njiani. Wewe bwana! Firigisi yangu iko wapi?"

Yule mtu akaja mlangoni, maji yanamtiririka. "Mzee, mimi nabeba tu. Mfuko hufungwa huko huko."

"Ati hufungwa! Na mikono huna?"

Mwenye pikipiki aliniangalia mimi. Alijua kwamba sikumwekea bakshishi, maana kwa simu zao wanaona. Ningenyamaza tu, yeye angeondoka mwizi na mimi ningebaki mkaza mwana mwema. Nilimchukia kwa vile alivyoniangalia.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Firigisi niliikataa mwenyewe kwa simu. Walitaka hamsini zaidi."

"Hamsini."

"Ndiyo, Baba."

"Yaani ulituweka mimi na hamsini, ukachagua hamsini."

Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya wanaume wawili, na sikujali.

Mzee akavuta kiti. "Ndugu yangu, ingia. Nimekuita mwizi na hukuiba. Nawa mikono." Akamwekea paja, lile kubwa. Yeye mwenyewe alikula ugali na mchuzi, nyama hakuigusa. Walizungumza habari za mahindi na bei ya mbolea. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, hakuna aliyenifukuza wala kuniita.

Mvua ilipokatika nikamfuata mwenye pikipiki nje, nikamtilia bakshishi mkononi. Aliipokea bila kuniangalia.

Mzee naye akavaa viatu. Nilingoja aseme anarudi kwake na hatakanyaga tena.

"Siku nyingine nipikie maharagwe," alisema, anafunga kamba. "Lakini upike wewe."

Jioni hiyo hiyo nilinunua gesi, nikaloweka maharagwe, na hakuna mtu aliyekuwa amesema anakuja.